Kuchagua Msimbo wa Utambuzi kwa Maumivu ya Kiganja na Vidole: Mwongozo Kamili

Mgonjwa anaposema "mkono unaniuma," ametamka neno linaloanzia begani na kuishia kwenye ncha ya kidole. Kiswahili hakioni tatizo hapo, kwa kuwa mkono ni mkono. ICD-10-CM, mfumo wa misimbo ya utambuzi wa magonjwa unaotumika Marekani, unaugawa mkono huohuo katika bega, sehemu ya juu, kiwiko, kigasha, kifundo, kiganja na vidole, kisha unauliza kama ni wa kulia au wa kushoto, kisha unauliza tena kama kinachouma ni kiungo au ni nyama na kano zilizo kando yake. Mwongozo huu unafuata maswali hayo moja baada ya jingine, kwa ajili ya mweka misimbo anayeanza kazi na kwa yule ambaye amekwisha kuzoea kuandika M79.641, msimbo wa maumivu ya kiganja cha kulia, bila kufikiri. Ndani ya mwongozo, neno "kiganja" lina maana ya sehemu yote iliyo chini ya kifundo cha mkono ukiacha vidole, yaani kitanga pamoja na mgongo wake.

Kabla ya kuanza, weka mbele yako vitu vitatu: kumbukumbu kamili ya ziara ya mgonjwa, kitabu au programu ya misimbo ya mwaka husika, na kanuni rasmi za matumizi zinazotolewa pamoja nayo. Toleo la ICD-10-CM, lililoanza kutumika Marekani tarehe 1 Oktoba 2015, husasishwa kila tarehe 1 Oktoba, na mara nyingine huongezwa mabadiliko tarehe 1 Aprili. Toleo la kufuata ni lile lililokuwa likitumika siku mgonjwa alipohudumiwa, wala si siku unapoketi kuandika msimbo. Kumbukumbu ya tarehe 28 Septemba iliyokufikia katikati ya Oktoba inasomwa kwa kitabu cha zamani.

Hatua ya kwanza: soma hitimisho la tabibu kabla ya lalamiko la mgonjwa

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, na kwa maoni yangu hatua hii ina uzito kuliko zote zinazofuata. Kumbukumbu ya ziara huanza na lalamiko, na lalamiko karibu kila mara ni maumivu. Mweka misimbo mwenye haraka hulisoma neno hilo, hufungua ukurasa wa M79.64, huchagua upande na kufunga jalada. Kumbe mistari ishirini chini yake tabibu amekwisha kuandika kwamba neva imebanwa, au kano imevimba, au kiungo kimesagika. Kanuni rasmi ziko wazi: dalili huwekewa msimbo pale tu ambapo tabibu hajathibitisha ugonjwa unaoieleza. Ugonjwa ukithibitishwa, na maumivu yakawa sehemu ya kawaida ya ugonjwa huo, maumivu hayapewi msimbo wake tena.

Chukua mfano wa mgonjwa mwenye maumivu ya kiganja cha kulia yanayomwamsha usiku pamoja na ganzi kwenye gumba na vidole viwili vinavyofuata. Tabibu amehitimisha kwamba neva ya mediani imebanwa kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Msimbo ni mmoja tu, G56.01. Kuongeza M79.641 kwa ajili ya maumivu na R20.0 kwa ajili ya ganzi ni kuandika jambo moja mara tatu. Lakini mgonjwa huyohuyo akiwa na maumivu mengine ambayo hayatokani na neva hiyo, tuseme kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, na tabibu akayaandika kando bila kuyapatia chanzo, hapo M79.645 ina haki ya kusimama pamoja na G56.01.

Jambo la pili katika hatua hii ni maneno ya mashaka. Tabibu anapoandika "huenda ni", "inashukiwa kuwa" au "tuondoe uwezekano wa", maana yake hubadilika kulingana na mahali mgonjwa alipohudumiwa. Kwa mgonjwa wa nje, ugonjwa unaoshukiwa haupewi msimbo. Huandikwa dalili, yaani maumivu, mpaka shaka iondoke. Kwa mgonjwa aliyelazwa hospitalini, shaka iliyobaki hadi siku ya kuruhusiwa huwekewa msimbo kana kwamba ugonjwa upo. Tofauti hii huwashangaza wanaohamia kutoka idara moja kwenda nyingine, na inafaa kuandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani.

Hatua ya pili: kama kweli hitimisho ni maumivu, tafuta mahali

Ukishajiridhisha kwamba tabibu ameishia kwenye maumivu, tafuta neno "maumivu" kwenye faharasa ya kialfabeti, shuka hadi kwenye kiganja au kidole, kisha hakiki msimbo kwenye orodha kuu. Usichukue msimbo moja kwa moja kutoka kwenye faharasa, kwa sababu mara nyingi faharasa huishia kwenye kistari kinachoashiria kwamba bado kuna tarakimu ya kuongezwa. Orodha kuu inakupa misimbo sita:

M79.641, maumivu ya kiganja cha kulia
M79.642, maumivu ya kiganja cha kushoto
M79.643, maumivu ya kiganja, upande haukutajwa
M79.644, maumivu ya kidole au vidole vya kulia
M79.645, maumivu ya kidole au vidole vya kushoto
M79.646, maumivu ya kidole au vidole, upande haukutajwa

Msimbo M79.64 peke yake haujakamilika na dai la malipo lenye msimbo huo litarudishwa. Tarakimu ya sita ni ya lazima.

Angalia kwamba misimbo ya vidole haitofautishi kidole na kidole. Gumba, kidole cha shahada, cha kati, cha pete na cha mwisho vyote vinaingia mahali pamoja, na vidole vitatu vya mkono mmoja vinavyouma kwa pamoja bado ni msimbo mmoja. Wanaoanza hutafuta msimbo wa maumivu ya gumba kwa dakika nyingi, haupo. Kidole hutajwa kwa jina pale ugonjwa au jeraha linapojulikana, kama tutakavyoona mbele.

Kifundo cha mkono hakimo katika orodha hii. Maumivu yake yanakwenda M25.531 kwa kulia na M25.532 kwa kushoto, kwa kuwa mfumo unakihesabu kama kiungo. Kigasha nacho kina familia yake, M79.63. Tabibu akiandika "maumivu ya mkono" bila kufafanua, na kwenye uchunguzi wa mwili akaeleza kwamba mgonjwa anaumia akibonyezwa kwenye kitanga, usijitwalie uamuzi wa kuhamisha maneno ya uchunguzi kuyafanya utambuzi. Muulize.

Hatua ya tatu: upande

Upande ndiyo sehemu rahisi kuliko zote, na ndiyo inayorudisha madai mengi bila sababu. Misimbo ya maumivu ya kiganja haina chaguo la pande zote mbili. Viganja vyote viwili vikiuma, andika M79.641 na M79.642 kwa pamoja. Baadhi ya magonjwa yana msimbo wa pande zote mbili, kama kubanwa kwa neva ya mediani ambako G56.03 hutosha, na ukiupata msimbo wa namna hiyo hairuhusiwi kuugawa mara mbili.

Misimbo ya "upande haukutajwa" ipo kwa ajili ya hali adimu. Tabibu asipoutaja upande, kanuni zinaruhusu uuchukue kutoka kwenye maandishi ya mhudumu mwingine wa afya aliyemhudumia mgonjwa, kwa mfano muuguzi aliyempokea au mtaalamu wa tiba ya viungo. Maandishi yakipingana, huyu akisema kulia na yule kushoto, mwenye neno la mwisho ni tabibu na yeye ndiye wa kuulizwa. Nimewahi kuona jalada ambalo picha ya eksirei ilikuwa ya kidole cha kushoto, dawa iliandikiwa kidole cha kulia, na msimbo ukawekwa wa upande usiojulikana ili kukwepa ugomvi. Msimbo huo ulipita, lakini kumbukumbu ya mgonjwa ilibaki na kosa ambalo daktari anayefuata angeweza kulifanyia kazi.

Hatua ya nne: kiungo au tishu laini?

M79.64 iko katika kundi la maradhi ya tishu laini. Maumivu ambayo tabibu ameyaelekeza kwenye viungo vya kiganja au vya vidole yana familia nyingine: M25.541 kwa viungo vya kiganja cha kulia, M25.542 kwa kushoto, na M25.549 kwa upande usiotajwa. Viungo vya vidole vinaingia humohumo. Havina msimbo wa peke yao.

Unatambuaje? Kwa maneno ya tabibu, si kwa kukisia. "Maumivu ya kiungo cha kati cha kidole cha shahada cha kulia" ni M25.541. "Maumivu ya kidole cha shahada cha kulia" ni M79.644. Mgonjwa anaweza kuwa yuleyule na kidole kilekile, lakini neno "kiungo" limeuhamisha msimbo kutoka kundi moja hadi jingine.

Familia hizi mbili zinatajana katika maelezo ya kutojumuisha ya aina ya pili. Aina hiyo ina maana kwamba hali moja si sehemu ya nyingine, na kwamba mgonjwa anaweza kuwa nazo zote mbili kwa wakati mmoja. Aina ya kwanza ndiyo inayokataza kabisa misimbo miwili kukaa pamoja. Kwa hiyo tabibu akieleza maumivu ya viungo vya vidole vya kulia na, mbali na hayo, maumivu ya nyama ya kitanga cha kulia, M25.541 na M79.641 zinaweza kuandikwa kwenye dai moja bila kuvunja kanuni yoyote.

Hatua ya tano: chanzo kikijulikana, achana na msimbo wa maumivu

Sehemu hii ndiyo pana kuliko zote, na ni vyema mweka misimbo azijue njia zake kuu hata kama hazikariri tarakimu.

Kidole kinachokwama kinapokunjwa kisha kikafyatuka kwa ghafla kiko katika M65.3. Hapa kila kidole kina nafasi yake: tarakimu ya tano ni 1 kwa gumba, 2 kwa cha shahada, 3 kwa cha kati, 4 kwa cha pete na 5 kwa cha mwisho, na tarakimu ya sita ni upande. Kidole cha kati cha kulia kinachofyatuka, kwa hiyo, ni M65.331. Jirani yake ni M65.4, ugonjwa wa de Quervain, yaani uvimbe wa ala za kano zilizo upande wa gumba kwenye kifundo cha mkono. Msimbo huo hauna upande wala tarakimu zaidi, na kuuongezea tarakimu kwa mazoea ni kosa.

Kusagika kwa viungo kuna mtego mmoja. Kiungo cha chini cha gumba, pale mfupa wa kiganja unapokutana na mifupa ya kifundo, kina kundi lake la peke yake, M18, ambapo M18.11 ni kusagika kwa msingi kwa upande wa kulia, M18.12 kwa kushoto na M18.0 kwa pande zote mbili. Viungo vingine vya kiganja na vidole vinakwenda M19.041 na M19.042. Tabibu akiandika "kusagika kwa viungo vya gumba" bila kusema ni kiungo gani, jibu haliko wazi, kwa kuwa gumba lina viungo vingine juu ya kile cha chini.

Baridi yabisi ya rumatoidi yenye vipimo vya damu vilivyothibitisha kiashiria chake, ikiwa kwenye kiganja cha kulia bila kugusa ogani nyingine, ni M05.741. Ikiwa tabibu ametaja ugonjwa huo tu bila maelezo zaidi, M06.9 ndiyo inayobaki, ingawa huonyesha kwamba kuna swali ambalo halikuulizwa. Jongo la kiganja cha kulia lisilo na chanzo kingine ni M10.041. Kitanga kinachokunjamana na kuvivuta vidole kwa ndani, hali iliyopewa jina la Dupuytren, ni M72.0. Kivimbe chenye ute kwenye kiganja cha kulia ni M67.441.

Maambukizi nayo yasipotee humu. Kidole kilichoingia mdudu, kama watu wasemavyo kwa usaha unaojikusanya kando ya ukucha au kwenye ncha ya kidole, kiko kwenye sura ya magonjwa ya ngozi: L03.011 kwa kidole cha kulia na L03.012 kwa cha kushoto. Maumivu yake hayaandikwi kando.

Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu anaweza kuletwa akiwa na mikono na miguu iliyovimba na kuuma kupita kiasi. Tabibu akieleza kwamba ni uvimbe wa vidole utokanao na ugonjwa huo kwa aina yake ya Hb-SS, msimbo ni D57.04, na mweka misimbo anayeandika maumivu ya vidole peke yake amelificha jambo zito kuliko yote yaliyomo kwenye jalada.

Mwisho, chanzo kinaweza kuwa mbali na kiganja chenyewe. Mzizi wa neva uliobanwa shingoni hutuma maumivu hadi kwenye vidole, na tabibu akithibitisha hilo msimbo ni M54.12. Vidole vinavyobadilika rangi na kuuma kwa baridi, hali ya Raynaud, ni I73.00 ikiwa tishu hazijaoza na I73.01 ikiwa zimeoza.

Hatua ya sita: jeraha

Maumivu yanayotokana na jeraha la sasa hutoka sura ya 13, ya misuli na mifupa, na kwenda sura ya 19, ya majeraha. S60 ni michubuko na majeraha ya juujuu ya kifundo, kiganja na vidole. S61 ni vidonda vilivyo wazi. S62 ni mivunjiko. S63 ni kuteguka na kushtuka kwa viungo. S67 ni kupondwa. S68 ni kukatika. Hapa vidole vinatajwa kwa majina tena, na kwa mchubuko unaulizwa pia kama ukucha umeharibika. Kidole cha shahada cha kulia kilichovilia damu bila ukucha kuguswa ni S60.021A.

Herufi hiyo A ya mwisho ndiyo isiyoeleweka kuliko zote. Wengi huamini kwamba A ni ziara ya kwanza, na D ni ziara inayofuata. Sivyo. A ni kipindi ambacho mgonjwa bado anapata matibabu hai ya jeraha, hata kama ni ziara ya tatu na kwa daktari wa tatu; D ni kipindi cha uponaji na ufuatiliaji wa kawaida baada ya matibabu hayo kumalizika; S ni madhara yaliyobaki baada ya jeraha lenyewe kwisha. Mgonjwa aliyefungwa kitambaa kwenye chumba cha dharura leo, kisha kesho akaenda kwa daktari wa upasuaji ambaye ndiye anayeanza matibabu yenyewe, yuko kwenye A siku zote mbili. Mivunjiko ina herufi zaidi: B kwa mvunjiko ulio wazi katika matibabu hai, G kwa uponaji uliochelewa, K kwa mfupa ambao haukuungana, na P kwa ule ulioungana vibaya. Tabibu asiposema kama mvunjiko uko wazi au umefungwa, unahesabiwa kuwa umefungwa. Asiposema kama vipande vimehama, vinahesabiwa kuwa vimehama.

Msimbo ukiwa mfupi kuliko tarakimu sita na unadai alama ya saba, herufi X hujazwa kwenye nafasi tupu. Tofali lililoangukia kidole huelezwa kwa msimbo wa chanzo cha nje W20.8XXA, ambapo X mbili hazina maana nyingine zaidi ya kushika nafasi. Misimbo ya vyanzo vya nje haikulazimishwa kwa taifa zima la Marekani, lakini mlipaji au jimbo linaweza kuidai. Na haiwi kamwe msimbo wa kwanza.

Maumivu yaliyobaki baada ya jeraha la zamani huandikwa kwa misimbo miwili na kwa mpangilio maalumu. Kwanza kinakuja kile kinachomsumbua mgonjwa leo, tuseme M79.644, kisha msimbo wa jeraha la awali ukiwa na herufi S. Kuupindua mpangilio huo ni kosa la kawaida, kwa kuwa akili huona jeraha ndilo lililotangulia.

Hatua ya saba: ni lini G89 inahitajika

Kundi la G89 linaeleza maumivu kama jambo la kujitegemea: ya ghafla kutokana na jeraha ni G89.11, mengine sugu ni G89.29, yanayotokana na saratani ni G89.3, na sindromu ya maumivu sugu ni G89.4. Halitumiki kwa sababu tu mgonjwa ameumwa miezi mingi. Lazima tabibu mwenyewe aandike kwamba maumivu ni sugu au ni ya ghafla, na msimbo huo uongeze habari ambayo msimbo wa mahali hauielezi.

Mpangilio unategemea sababu ya ziara. Mgonjwa akija kliniki ya kudhibiti maumivu ili kudhibitiwa maumivu sugu ya kiganja cha kushoto, G89.29 hutangulia na M79.642 hufuata. Akija kuchunguzwa kwa nini kiganja kinauma, M79.642 hutangulia. Maumivu ya kawaida baada ya upasuaji, yale ambayo kila mtu aliyepasuliwa hutarajiwa kuyapata, hayapewi msimbo wowote.

Hatua ya nane: linganisha utambuzi na huduma

Msimbo wa utambuzi huambatana na msimbo wa huduma iliyotolewa, na mlipaji husoma yote mawili kwa pamoja. Kwa vidole kuna viambishi maalumu vya huduma: FA ni gumba la kushoto, F1 hadi F4 ni vidole vinavyofuata vya mkono huohuo, F5 ni gumba la kulia, na F6 hadi F9 ni vidole vinavyolifuata. Mgonjwa aliyechomwa sindano kwenye ala ya kano ya kidole cha kati cha kulia kwa sababu kinafyatuka anakuwa na huduma 20550 yenye kiambishi F7, na utambuzi M65.331. Kiambishi kikisoma F2 dai litakwama, kwa kuwa utambuzi uko kulia na sindano imekwenda kushoto. Utambuzi ukiandikwa M79.644 badala ya M65.331, sindano inaweza kukataliwa kwa hoja kwamba maumivu peke yake hayaelezi kwa nini ilihitajika, hali tabibu alikuwa ameandika ugonjwa wenyewe kwa herufi zinazosomeka.

Wanaotumia matoleo ya Shirika la Afya Duniani

Nje ya Marekani nchi nyingi hutumia ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani, na hapo msimbo unaofanana sura una maana nyingine. M79.6 ni maumivu ya kiungo cha mwili, mkono au mguu, na M25.5 ni maumivu ya kiungo cha mifupa. Tarakimu ya tano, ambayo ni ya hiari, hutaja mahali, na 4 ni kiganja pamoja na vidole vyake. M79.64 katika toleo hilo imekamilika, na haitaji kulia wala kushoto. Kifundo cha mkono kimo kwenye tarakimu 3 pamoja na kigasha. ICD-11, iliyopitishwa na Baraza la Afya Duniani Mei 2019 na kuanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, inakwenda njia ya tatu: msimbo wa msingi huandikwa, kisha mahali na upande huongezwa kwa misimbo ya nyongeza inayounganishwa kwa alama &. Anayehamia kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine asitafsiri tarakimu kwa tarakimu. Arudi kwenye maneno ya tabibu na kuanza upya.

Namna ya kumuuliza tabibu

Mara kadhaa humu nimesema "muulize", na kuuliza kuna adabu yake. Swali halipaswi kumwongoza tabibu kwenye jibu lenye malipo makubwa, wala kumtajia bei ya msimbo. Linataja kilichomo kwenye kumbukumbu, linaeleza kinachokosekana, na linampa nafasi ya kujibu vyovyote aonavyo, pamoja na kusema kwamba haiwezekani kujua. Swali baya ni hili: "Je, mgonjwa huyu ana kusagika kwa kiungo cha gumba ili tuandike M18.11?" Swali linalokubalika linaweza kuandikwa hivi:

"Daktari, kwenye ziara ya tarehe iliyotajwa hapo juu umeandika maumivu ya gumba la kulia. Taarifa ya eksirei ya siku hiyo inaeleza kupungua kwa nafasi ya kiungo cha chini ya gumba. Tafadhali eleza, kwa uamuzi wako wa kitabibu, kama kuna utambuzi unaoeleza maumivu hayo: kusagika kwa kiungo (taja kiungo na upande), hali nyingine (taja), maumivu yasiyo na chanzo kilichothibitishwa, au haiwezekani kubainisha kwa sasa."

Eksirei imetajwa kwa sababu mweka misimbo haruhusiwi kugeuza maneno ya taarifa yake kuwa utambuzi pale tabibu anayemtibu mgonjwa hajayataja kwenye hitimisho lake. Jibu likirudi kwa maandishi na tarehe, lihifadhiwe pamoja na jalada kwa utaratibu wa kituo, na msimbo uchaguliwe kutokana na jibu hilo. Likirudi kwamba chanzo hakijathibitishwa, andika M79.644 na utume dai.